Mdogo wangu kafungwa kwa "kuiba" mashine aliyoishikilia akidai mshahara. Hoja ya nia inasimama kwenye rufaa?

#1 Ng'wana Misungwi
Wakuu salaam. Naomba mwenye uelewa wa kesi za jinai anisaidie, hasa mliowahi kukata rufaa ya wizi.

Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Bosi wake alikuwa anamzungusha mshahara wa miezi mitatu, kila siku "mteja hajamalizia, vuta subira". Kijana akachoka. Mchana kweupe, mafundi wenzake wanamwangalia, akapandisha mashine ya kuchomelea kwenye bodaboda akaondoka nayo. Jioni akamtumia bosi meseji: "Mashine iko kwangu, haina shida. Nilipe changu uje uichukue." Kimya. Asubuhi wakaja polisi, wakaikuta chini ya kitanda, nyaya zimeviringishwa na koleo lake limefungwa pembeni kwa mpira.

Akapelekwa Mahakama ya Wilaya kwa wizi wa mtumishi, kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu. Kapigwa miaka 3.

Mtu aliyetaja mwenyewe kitu kilipo na akasema atakirudisha, nia ya kuiba iko wapi hapo?

#2 Mkata Mbuga
Pole mkuu, ila kaiba. Kitu si chako, umekitoa bila ruhusa ya mwenyewe, kimekutwa kwako. Miaka 3 mbona ni ya huruma, kifungu hicho kinaanzia miaka 10.

#3 Karani Mstaafu
Mkata Mbuga, ungekuwa hakimu jela zingejaa watu walioazima majembe.

Kwanza, hiyo 10 ni kikomo cha juu cha 271, hakuna mahali panaposema kinaanzia hapo. Wizi wa kawaida, kifungu cha 265, kikomo ni miaka 7.

Pili, kuchukua peke yake hakutoshi. Kifungu cha 258 kinataka mtu awe amechukua kwa hila na bila madai ya haki. Hila yenyewe imefafanuliwa kwenye kifungu kidogo cha (2), nayo ina sura tano: nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja, nia ya kukitumia kitu kama rehani au dhamana, nia ya kukiachia kwa sharti la kukirudisha ambalo huenda ukashindwa kulitimiza, nia ya kukifanyia jambo kisiweze kurudi katika hali kilivyokuwa, na ikiwa ni fedha, nia ya kuzitumia kwa utashi wako hata kama unakusudia kuzirudisha. Ikithibiti moja tu kati ya hizo, inatosha.

Mleta mada, isome ya pili mara mbili.

#4 Wakili wa Kijiweni
Karani katisha watu bure. Kuna kifungu cha 9 cha Kanuni hiyohiyo: mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali ikiwa alichofanya alikifanya kwa madai ya haki ya kweli na bila nia ya kulaghai. Neno la kushika hapo ni *kweli*. Kijana hatakiwi kuwa sahihi kisheria kwamba ana haki ya kushika mashine, anatakiwa awe aliamini kwa dhati. Fundi wa mtaani anayedai miezi mitatu anaamini kabisa kwamba ana haki. Mashahidi wapo, meseji ipo, mchana ulikuwepo. Rufaa hii mimi ningeibeba kwa nauli tu.

#5 Mtoto wa Mjini
Wakili wa Kijiweni nauli yako ni ya bodaboda au ya ndege? Tujue mapema 😂

#6 Mkata Mbuga
Chini ya kitanda je? Mwenye nia njema huweka kitu sebuleni.

#7 Ng'wana Misungwi
Mkata Mbuga, anakaa chumba kimoja cha kupanga. Chini ya kitanda ndiyo stoo. Mchele, sufuria, begi la nguo, vyote viko huko.

#8 Karani Mstaafu
Hilo la kitanda msilicheke, ndivyo nia inavyothibitishwa. Hakuna anayefungua kichwa cha mtu, kwa hiyo mahakama huangalia mwenendo: alichukua usiku au mchana, alificha au alisema, alizima simu, aliuza, alifuta namba ya mashine, alipoulizwa alikana au alieleza, na maelezo yake ya kwanza polisi yanafanana na ya mahakamani?

Kwa kipimo hicho kijana yuko vizuri kuhusu nia ya kumnyima mwenye mali moja kwa moja. Tatizo ni ile meseji. Wakili anaiona kama kinga yake. Mimi naisoma hivi: "nimeshika mali yako mpaka unilipe". Hiyo ni dhamana, na kutumia mali ya mtu kama dhamana kumetajwa kwa jina kwenye 258(2)(b).

#9 Wakili wa Kijiweni
Hapana mzee wangu. Rehani inayosemwa pale ni ya kuchukua mali ya mtu ukaenda kuiweka kwa mtu wa tatu ukopeshwe. Mfano unachukua redio ya jirani, unaiweka kwa mwenye duka, unapewa hela. Kushika mali ya anayekudaia, sijui, ya *unayemdai*, ni kitu kingine.

#10 Karani Mstaafu
Nionyeshe hayo maneno "mtu wa tatu" yako wapi kwenye kifungu.

#11 Wakili wa Kijiweni
Na wewe nionyeshe yanayosema "hata kwa unayemdai mwenyewe". Adhabu ikiwa jela, sheria yenye utata inasomwa kwa faida ya mshtakiwa.

#12 Fundi Saidi Karakana
Ngoja niwaletee upande wa pili maana mimi nina karakana. Kijana akiondoka na mashine, kazi zote zinalala. Mteja wa geti ananidai advansi yake, kodi ya fremu inatembea, vijana wengine wawili nao wanakaa bila kazi kwa sababu ya mmoja. Halafu natumiwa meseji ya "nilipe". Kwangu hicho ni kitisho. Simtetei huyo bosi, mshahara wa mtu ulipwe. Lakini msifanye kama mashine ilikuwa imepumzika tu chini ya kitanda.

#13 Mama Jesca
Nakubaliana na #3 kuhusu ile ya fedha, imetukuta. Wifi yangu alikuwa anakaa kwenye kibanda cha uwakala wa mwajiri wake. Mtoto akalazwa, akachomoa kwenye floti (hela ya kuendeshea kibanda), akijua Jumatatu mchezo unalipa ataziba. Jumamosi mwenye kibanda akaja kuhesabu. Familia tukachanga, hela yote ikarudi kabla hata kesi haijatajwa mara ya pili. Akatiwa hatiani vilevile. Kwenye rufaa jaji alipunguza adhabu tu, kutiwa hatiani kukabaki. Tuliambiwa kwamba kwenye fedha "nitarudisha" si utetezi.

#14 Mtoto wa Mjini
Kwa hiyo nusu ya mawakala wa mji huu ni wezi wasiojijua. Natoka taratibu.

#15 Mpita Njia wa Geita
Mimi niliambiwa ukirudisha mali kesi inakufa, mlalamikaji anafuta mambo yanaisha.

#16 Karani Mstaafu
Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, mlalamikaji ni shahidi. Akisamehe inasaidia, na mwendesha mashtaka anaweza kuiondoa, lakini haifi yenyewe. Kurudisha mali kunapunguza makali ya adhabu. Kosa lilitimia siku ya kuchukua, kama lilikuwa kosa.

Mleta mada, kuna swali umelikwepa, labda kwa bahati mbaya. Kijana alikana au alikiri? Na hukumu ilitoka lini? Bila hayo mawili tunapiga soga.

#17 Kasuku wa Likoni
Hamjambo majirani. Huku Kenya kifungu kinachofanana na hicho ni 268 cha Penal Code yetu, maneno ni yaleyale karibu neno kwa neno, hata hilo la dhamana na hilo la fedha. Madai ya haki sisi tunayo kwenye kifungu cha 8. Tofauti iko kwa adhabu: wizi wa kawaida miaka 3, wa mfanyakazi miaka 7. Na rufaa huku ni siku 14, usizubae. Huko kwenu ni ngapi?

#18 Mpita Njia wa Geita
Tanzania siku 30.

#19 Nyapara Mstaafu
Si kweli kwa kesi hii. Siku 30 ni ukitoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya, na ukitoka hapo kwenda Mahakama Kuu kwa kesi iliyoanzia Mwanzo. Huyu kaanzia Wilaya, anaenda Mahakama Kuu moja kwa moja chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 361. Notisi ya kusudio la kukata rufaa ndani ya siku 10 tangu hukumu, halafu sababu za rufaa zenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo (kumbukumbu za yaliyosemwa mahakamani) hauhesabiwi kwenye hizo 45.

Nasema ninachokijua, nimekula ugali wa serikali. Gerezani kuna askari anayeshughulikia rufaa. Unamwambia siku ileile unayopokelewa, anakujazia notisi, unaweka dole gumba, mkuu wa gereza anaipeleka. Wengi wanaoingia wanakaa wakilia wiki mbili, siku 10 zinapita hivyo.

#20 Ng'wana Misungwi
Asanteni sana. Samahani kwa kukaa kimya, nilienda kumuona leo.

Nyapara, notisi aliweka ndani ya wiki ya kwanza, wenzake wa chumba walimshtua. Nakala ya hukumu na mwenendo nimezipata juzi.

Karani, hapo ndipo penye shida. Nilidhani kesi ilisikilizwa, kumbe hakukuwa na mashahidi kabisa. Mdogo wangu anasema aliposomewa shtaka alijibu: "Ni kweli nilichukua mashine, lakini namdai mshahara wangu." Kwenye mwenendo imeandikwa: "Mshtakiwa: Ni kweli." Basi. Halafu mwendesha mashtaka akasoma maelezo ya kesi, akaulizwa kama ni sahihi, imeandikwa: "Maelezo ni sahihi." Akatiwa hatiani siku hiyohiyo.

#21 Mkata Mbuga
Kakiri. Uzi ufungwe.

#22 Wakili wa Kijiweni
Ufungwe na nani, wewe? Ndiyo kwanza umeanza. Alichojibu kijana siyo kukiri kosa. Amekubali tendo la kuchukua na hapohapo akatoa utetezi. Hakimu akisikia "lakini" ya aina hiyo anatakiwa aandike kwamba mshtakiwa amekana, kesi isikilizwe. Kifungu cha 228 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka jibu liandikwe kwa maneno ya mshtakiwa mwenyewe, kwa karibu iwezekanavyo.

#23 Karani Mstaafu
Sasa tumefika kwenye kesi yenyewe, na ni tofauti kabisa na tuliyokuwa tunaijadili.

Kifungu cha 360 cha sheria hiyohiyo kinasema aliyetiwa hatiani kwa kukiri hana rufaa isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Ukienda na sababu ya "hakuwa na nia" kavukavu, utaambiwa hivyo. Mlango mwingine uko kwenye kesi ya *Laurent Mpinga dhidi ya Jamhuri*, TLR (kitabu cha maamuzi ya mahakama zetu) ya 1983 ukurasa wa 166. Humo zimetajwa hali ambazo aliyekiri anaweza kupinga hata kutiwa hatiani: kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, alikiri kwa kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa linalojulikana kisheria, au maelezo aliyoyakubali hayawezi kisheria kumtia mtu hatiani kwa kosa hilo.

Hoja ya nia inaingilia mlango wa kwanza au wa nne. Andikeni sababu kwa kufuata hayo.

#24 Kasuku wa Likoni
Kuongezea #23, kuna *Adan dhidi ya Jamhuri* ya 1973, ya Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, inatumika huku na huko kwenu pia. Hatua zake: shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake, maelezo ya kesi yasomwe, apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza kitu, na akisema jambo linalotia shaka hatia yake, kukiri kufutwe. Huku majaji wanavunja hukumu nyingi za "ni kweli" tupu.

#25 Nyapara Mstaafu
Hapo kuna ukuta mmoja. Kijana anadai alisema "lakini", mwenendo hauna "lakini". Mwenendo wa mahakama huchukuliwa kuwa sahihi mpaka mtu aonyeshe vinginevyo, na ni kazi nzito. Ndani tulikuwa wengi wenye wimbo huo, "mimi sikusema hivyo". Jaji anausikia kila wiki.

#26 Wakili wa Kijiweni
Kwa hiyo tusipigane na mwenendo. Ng'wana Misungwi, tuandikie maelezo ya kesi neno kwa neno kama yalivyosomwa. Yale aliyosema "ni sahihi".

#27 Ng'wana Misungwi
Nafupisha bila kubadilisha: kwamba tarehe fulani mshtakiwa akiwa mwajiriwa wa mlalamikaji alichukua mashine ya kuchomelea mali ya mwajiri wake bila ridhaa, akaenda nayo nyumbani kwake, kisha akamtumia mlalamikaji ujumbe wa simu kumjulisha kuwa ataiachia mashine akilipwa mshahara anaodai, mlalamikaji akatoa taarifa polisi, mshtakiwa akakamatwa na mashine ikapatikana.

#28 Wakili wa Kijiweni
HAYA! Jamhuri yenyewe imesoma utetezi wa mshtakiwa mahakamani. Hakuna neno "kwa hila", hakuna "kwa nia ya kuiba", na dai la mshahara limo ndani. Aliposema "maelezo ni sahihi" alikubali na sehemu ya kudai mshahara. Huo ni mlango wa nne, na wa kwanza pia, na vyote vimo ndani ya mwenendo, hatuhitaji kubishana alisema nini.

#29 Karani Mstaafu
Furahi kidogokidogo. Wakili wa Serikali atasimama na kusema: mheshimiwa jaji, maelezo yanaonyesha alichukua bila ridhaa na akaishikilia mpaka alipwe, hiyo ni 258(2)(b) imetimia, hila imethibitika kwa kinywa chake. Utamjibu nini?

#30 Wakili wa Kijiweni
Nitamjibu kifungu cha 9, na nitamjibu kwamba madai ya haki yameandikwa pia ndani ya 258(1) yenyewe. Lazima vyote viwili viwepo, hila NA kukosekana kwa madai ya haki. Hata ukinishinda kwenye rehani bado hujavuka la pili.

#31 Mbongo Leicester
Naingilia kidogo. Huku Uingereza kuna kesi ya zamani, Skivington, 1967. Jamaa alitumia kisu kudai mshahara wa mkewe, akashtakiwa kwa unyang'anyi. Mahakama ya rufaa ikafuta kwa sababu aliamini kwa kweli kwamba hela hiyo ni haki yao. Kisu kina kosa lake, lakini wizi haukuwepo. Sheria yao ya sasa ni ya 1968, nayo inasema wazi kwamba anayeamini ana haki kisheria ya kumnyima mwenzake mali si mdanganyifu.

#32 Karani Mstaafu
Kesi nzuri, ila tazama tofauti. Yule alidai *fedha* na alichukua *fedha*. Kijana wetu anadai fedha, kachukua mashine. Dai la mshahara si dai juu ya mashine. Na za Uingereza kwetu ni za kushawishi, hazimfungi jaji.

#33 Fundi Saidi Karakana
Hapo namuunga mkono Karani. Ingekuwa hivyo kila mfanyakazi ninayechelewa kumlipa angeondoka na kitu: huyu grinda, yule kompresa. Ningebaki na turubai.

#34 Mama Jesca
Fundi Saidi dawa yake ni ndogo tu, lipa kwa wakati 😂

#35 Mpemba Halisi
Mbona fundi cherehani ninayempelekea kanzu anaishikilia mpaka nimlipe, na hamna anayemwita mwizi?

#36 Karani Mstaafu
Mpemba, swali zuri. Yule ulimkabidhi mwenyewe, ameifanyia kazi kanzu hiyohiyo, na sheria inampa haki ya kuishikilia. Kanuni ya Adhabu inamwita mmiliki maalumu. Ukiinyemelea kanzu yako usiku ukaitoa kwake bila kulipa, wewe mwenye kanzu unaweza kujikuta mshtakiwa. Kijana wa mashine hakukabidhiwa aipeleke nyumbani. (Halafu nyie Zanzibar mna sheria yenu ya adhabu, Na. 6 ya 2018, msisome namba zetu mkaenda nazo mahakamani huko.)

#37 Mpemba Halisi
Ahsante bwana Karani. Kanzu ntailipia kesho.

#38 Nyapara Mstaafu
Mnabishana vizuri, ila hakuna aliyemwambia mleta mada hatari zilizopo.

Mkishinda kwa hoja kwamba kukiri kulikuwa na utata, mara nyingi jaji hamwachii mtu akaenda nyumbani. Anafuta na kuamuru kesi isikilizwe upya kwa hakimu mwingine. Kijana anarudi kuwa mahabusu au nje kwa dhamana, anaanza mwanzo, na safari hii mafundi waliomwona watakuja kizimbani. Pia Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 366 ina uwezo wa kupunguza adhabu na ina uwezo wa kuiongeza. Sijasema ataongezewa. Nasema mjue.

#39 Wakili wa Kijiweni
Ndiyo maana mlango wa nne ni mtamu kuliko wa kwanza. Ikiwa maelezo ya Jamhuri yenyewe hayaonyeshi kosa, kurudisha kesi ni kuwapa nafasi ya kuziba tundu lao. Kesi ya *Fatehali Manji*, 1966, ilishasema kesi haiamriwi kuanza upya kwa lengo hilo. Ombeni kuachiwa huru kwanza, kusikilizwa upya liwe ombi mbadala.

#40 Mtoto wa Mjini
Wakili wa Kijiweni leo umevaa suti kabisa.

#41 Afisa Kazi wa Zamani
Nimechelewa. Jamani, mshahara usiolipwa unapelekwa CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Fomu namba 1, haina gharama, na huhitaji wakili. Mgogoro wa kuachishwa kazi una siku 30, migogoro mingine kama mshahara siku 60. Umechelewa, kuna fomu namba 2 ya kuomba kuongezewa muda kwa kueleza sababu, na kuwa gerezani ni sababu inayosikilizwa. Kijana bado anadai mshahara wake! Kifungo hakijafuta deni.

Na hili lina faida kwenye rufaa pia. Dai lililofunguliwa rasmi linaonyesha halikutungwa polisi.

#42 Karani Mstaafu
La CMA ni sahihi, ila angalizo: kilichofunguliwa baada ya hukumu hakimo kwenye mwenendo. Jaji wa rufaa anasoma kilichokuwa mbele ya hakimu. Ushahidi wa nyongeza upo kwenye kifungu cha 369, lakini hautolewi kama njugu, na lazima ueleze kwa nini haukuletwa mapema. Hapa bahati nzuri meseji imetajwa na Jamhuri yenyewe. Kama isingetajwa tungekuwa tunalia saa hizi.

#43 Kasuku wa Likoni
Dhamana akisubiri rufaa je? Miaka 3 inaweza kuliwa nusu kabla jaji hajakaa.

#44 Nyapara Mstaafu
Ipo, kifungu cha 368. Si haki kama ya kabla ya hukumu, wanataka uonyeshe rufaa ina nafasi kubwa ya kushinda au kuna hali ya pekee. Kwa maelezo ya #27, mimi ningejaribu.

#45 Mkata Mbuga
Bado nasema alichukua kisicho chake. Ila mwendesha mashtaka aliyesoma maelezo yale alilala usingizi.

#46 Mama Jesca
Mkata Mbuga kalegea, weka tarehe ukutani.

#47 Ng'wana Misungwi
Nimeshukuru sana, siwezi kumjibu mmoja mmoja. Jumatatu naenda gerezani kuhakiki tarehe ya notisi, kisha tuandike sababu. Hela ya wakili kamili hatuna. Kuna watu wa msaada wa kisheria wanakuja gerezani, ninaweza kuwatumia? Na sababu ziandikwe ngapi? Mtu mmoja mtaani ameniandikia 14.

#48 Karani Mstaafu
Watumie, wapo kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ila wakupe jina na ofisi, wasiwe vishoka wa getini.

Za 14 tupa. Andika mbili au tatu: kwamba kukiri hakukuwa bayana, kwamba maelezo yaliyosomwa hayaonyeshi wizi kwa kuwa yana madai ya haki ndani yake, na kwa vyovyote adhabu ni kubwa kwa mkosaji wa mara ya kwanza ambaye mali imepatikana nzima. Ambatanisha nakala ya hukumu. Kiswahili kinatosha, tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama kisheria.

#49 Wakili wa Kijiweni
Sababu ya pili itangulie ya kwanza, kwa ajili ya niliyosema #39.

#50 Karani Mstaafu
Mimi ningeanza na ya kukiri, majaji wameizoea. Hiyo yako inamlazimisha jaji aingie kwenye ule ugomvi wetu wa rehani, na huko hujui atatokea upande gani.

#51 Wakili wa Kijiweni
Ndiyo ninachotaka aingie.

#52 Nyapara Mstaafu
Mwacheni achague mwenye ndugu ndani. Ng'wana Misungwi, jingine: siku ya kusikilizwa mwambie kijana asianze kuhutubia. Wakati mwingine wakili wa Serikali anasimama na kusema Jamhuri inaiunga mkono rufaa. Nimeiona kwa macho yangu, mrufani hakuelewa akaanza kubishana na mtu aliyekuwa anamtetea, mpaka jaji akamwambia kaa chini.